Mtazameni Mlinzi

(Maneno niliyowaambia wazazi wa shule moja ya msingi hapa Tanga, wiki ya kufunga shule. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimeondoa tu pale niliposimama kunywa maji na pale spika ilipoanza kupiga mluzi.)

Ndugu wazazi na walezi, walimu wetu, asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao sijawagusa, habari za asubuhi.

Mwalimu Mkuu aliponiita alitaka niseme juu ya muvi za mapenzi, maana watoto wanarudi nyumbani Ijumaa na televisheni ndiyo itakuwa yaya wao mpaka Januari. Nikamwambia, Mwalimu, za mapenzi hazihitaji mtu wa kuja kuhutubia. Midomo ikikaribiana kwenye skrini kila mzazi anaijua kazi yake: baba anakohoa, mama anamtuma mtoto chumvi wakati chumvi ipo, na rimoti inatafutwa chini ya mito kama vile nyoka kaingia. Zinazonitia wasiwasi mimi ni zile ambazo mzazi katulia tuli, anacheka, anagawa bisi. Muvi za kuiba.

Sisemi za majambazi wanaomiminiana risasi. Hizo hata sauti yake inawaamsha majirani. Nasema zile za watu kumi na mmoja wenye suti safi, ramani imetandazwa mezani, saa zimelinganishwa, na mbele yao kuna benki au kasino au jumba la makumbusho ambalo, tunaambiwa, halijawahi kuibiwa. Hamna damu, hamna aliyevua nguo. Ni wizi tu.

Kwa wasionijua, nilikuwa na maktaba ya kanda kule Ngamiani. Nilianza na VHS, ikaja CD, ikaja flashi. Kijana anasimama mlangoni: "Mama, nitilie za ngumi mbili, ya kutafsiriwa moja, na ile ya wale wanaopiga benki." Hizo za kupiga benki hazikuwahi kulala rafuni. Na ukanda ukirudi, unajua walichoangalia: umechakaa pale pale ukuta unapotobolewa, kwa kurudishwa nyuma na kuchezwa tena, kurudishwa na kuchezwa. Kwa hiyo nisisimame hapa nikajifanya malaika. Nimekula kwa muvi hizi, nimesomesha kwa muvi hizi, na bado nazipenda.

Sasa nisikilizeni kisa cha Jumamosi moja.

Watoto wa mtaani wamejaa sebuleni kwangu, kama saba hivi, wamekaa mkekani. Nimewawekea muvi ya wizi, ya kuchekesha, yenye alama ya PG-13, yaani mzazi awe mwangalifu kwa mtoto wa chini ya miaka 13. Nikajisemea wakubwa wamekaribia umri, wadogo watalala. Wezi wamefika mlango wa nyuma wa jengo. Pale mlangoni kuna mlinzi, mtu wa makamo, amekaa kwenye stuli anakula chakula alichotoka nacho nyumbani, kwenye kopo. Mwizi wa kwanza anamsogelea na tabasamu, anamwomba moto wa sigara. Wa pili anatokea nyuma, anamgonga kichwani. Mlinzi anaanguka na uso wake ndani ya chakula. Watoto wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, nisiwadanganye.

Mmoja hakucheka. Ana miaka tisa. Baba yake ni mlinzi wa usiku kwenye ghala, na wengi wenu mnamwona saa kumi na mbili jioni akipita na baiskeli, kopo la chakula limefungwa nyuma kwa mpira. Yule mtoto akaniuliza, "Bibi, amekufa?" Nikamwambia hapana, kazimia tu. Akakaa kidogo. "Nani atamwamsha?"

Muvi ilishaondoka pale zamani. Wezi wako kwenye lifti, muziki unapigwa, watoto wenzake wanapiga makofi. Yeye aliendelea kutazama kona ya skrini, akingoja warudi pale mlangoni. Hawakurudi. Muvi iliisha, pesa ikagawanywa, watu wakaenda baharini kunywa vinywaji vyenye miavuli, na yule mlinzi tulimwacha pale pale, uso kwenye wali.

Tangu siku hiyo, nikitaka kujua kama muvi ya kuiba inafaa kuwekwa mbele ya familia, namtazama mlinzi kwanza. Mlinzi, na yule dada wa kaunta, na mfagiaji aliyepita na ndoo yake. Mengine yanafuata.

Mtaniuliza, kwani alama za umri kazi yake nini? Zina kazi, msizidharau. Marekani walianza kuziweka mwaka 1968. Hiyo PG-13 ilizaliwa mwaka 1984, baada ya wazazi kupiga kelele juu ya picha mbili za kiangazi hicho. Moja ina mtu anang'olewa moyo kifuani kwa mkono, na ilikuwa imepita kwa PG tupu. Jirani zetu wa Kenya wana bodi yao na alama zao, GE kwa watu wote, kisha PG, 16 na 18, na vituo vyao vya televisheni vimewekewa saa: kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku, mambo ya wakubwa hayaruhusiwi. Sisi tuna Bodi ya Filamu, na sheria ya mwaka 1976. Sawa. Lakini angalieni alama inahesabu nini. Inahesabu matusi, damu, uchi, dawa za kulevya. Haihesabu mtoto wako ameshangilia nani.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulijua picha ina watu wawili, stelingi na adui. Stelingi hafi. Adui anakufa mwisho, na akifa mapema ujue kuna adui mkubwa zaidi nyuma yake. Muvi ya kuiba imekigeuza kibao: stelingi ndiye mwizi, adui ni mwenye mali, na mlinzi si stelingi wala si adui, ni fenicha. Mtu anaisogeza apite.

Na Kiswahili chetu, jamani, kina vyeo vya wezi kuliko jeshi. Kuna kibaka, kuna mwizi, kuna jambazi, halafu juu kabisa, mwenye kiti chake, kuna mpigaji. Kibaka wa kuku anapigwa mawe. Mpigaji anakaa meza ya mbele harusini, na akinyanyuka kutunza, MC anataja jina lake mara tatu. Muvi hizi zote ni za wapigaji. Hakuna aliyewahi kumwaga mamilioni ya dola kutengeneza muvi ya mwizi wa kuku. Kwa hiyo mtoto akitazama na kujifunza kwamba wizi mdogo ni aibu na wizi mkubwa ni akili, hakujifunzia kwenye muvi peke yake. Harusini alikuwepo.

Nawaona wazee wawili pale nyuma wanatikisa vichwa, wanasema basi zipigwe marufuku. Hapana. Bibi zetu walitulea kwa wezi. Sungura na asali ya Simba, nani hapa hakuisikia? Asali iko juu ya mbuyu. Sungura anamchukua Buku, yule panya mkubwa, wanapanda na moto, wanafukuza nyuki, wanakula. Simba anafika chini, anaguruma. Sungura anamwambia mwenzake, nifunge kwenye majani haya makavu, mwambie Simba akae pembeni, unitupe chini. Furushi linatupwa, Sungura anatoka humo anakwenda zake. Buku anashuka, analiwa. George Bateman aliichapa hadithi hiyo kwa Kiingereza kule Chicago mwaka 1901, pamoja na nyingine za Zanzibar, na hata wakati huo haikuwa mpya. Miaka yangu yote nimeisimulia hadithi hii nikimcheka Simba. Kuhusu Buku sikuwahi kuulizwa wala kujiuliza. Mpaka nilipoulizwa nani atamwamsha mlinzi.

Kwa hiyo si wizi kwenye hadithi unaonikera. Mtoto anapenda kuona mdogo anamzidi akili mkubwa, na ana haki, maana yeye ndiye mdogo wa nyumba.

Wamarekani walijaribu njia ya marufuku, na inafaa kuijua. Tangu mwaka 1934 mpaka 1968, studio za Hollywood zilibanwa na kanuni iliyoitwa ya Hays. Ilisema mtazamaji asifanywe kumwonea huruma mhalifu dhidi ya sheria, na namna ya kuiba, kama kufungua sefu, isionyeshwe hatua kwa hatua. Watengenezaji wakapata dawa: iba unavyotaka, ila mwisho pesa ipotee. Mwaka 1956 kuna picha ambayo sanduku la noti linafunguka uwanja wa ndege, upepo wa rafadha unazitawanya zote. Mwaka 1960, ile ya kwanza kabisa ya mwizi Ocean na wenzake, wanaficha pesa kwenye jeneza la mwenzao aliyefariki, na marehemu anachomwa moto na jeneza lake. Inachekesha. Lakini mtoto mnayemfahamu, aliyeshangilia saa moja na nusu, mnadhani dakika mbili za mwisho zinamgeuza? Anachojifunza ni kwamba walikosea jeneza.

Ile habari ya kutoonyesha hatua kwa hatua niliicheka pia. Nilikuwa nasema hapa Tanga hakuna mtoto atakayeshuka kwa waya kwenye handaki la kasino ya Las Vegas. Kasino yenyewe hana, waya anao wa kuanikia nguo. Basi mjukuu wangu, darasa la tano wakati ule, akaona kwenye muvi wezi wanapuliza unga kwenye kitufe cha namba, wanaona ni zipi zimeguswa. Kesho yake asubuhi nakaanga maandazi. Simu ikaita, nikaipokea kwa mikono ile ile ya mafuta, nikafungua kwa namba yangu ya siri, nikaongea, nikaiweka juu ya friji. Narudi, simu haipo. Kijana yuko uani, kaielekeza kwenye jua, anasoma alama za vidole vyangu kama anasoma ubao. Namba nne, akajaribu mara tatu, ikafunguka. Hakuiba kitu, alitaka kucheza gemu. Lakini ile ndiyo namba niliyokuwa natumia kutolea pesa, nanyi, nawaona mnacheka, ndiyo hiyo hiyo mnayotumia kila mahali. Nilibadilisha siku ile. Na nikamfinya, halafu nikampa andazi, maana akili nayo ina haki yake.

Sasa mnataka majina. Nitataja matatu, kwa sababu naulizwa sana juu ya mawili na la tatu nalipenda mwenyewe.

Ocean's Eleven ya mwaka 2001, ya George Clooney. PG-13. Wezi kumi na mmoja wanalipiga handaki linalotunza pesa za kasino tatu za Las Vegas, usiku wa pambano la ngumi. Hafi mtu. Anayeibiwa ni mwenye kasino zote tatu, na muvi inajitahidi sana umchukie, maana bila hivyo furaha yako itaingia doa. Kuna sehemu ya wacheza densi wa kuvua nguo, kuna matusi ya Kiingereza, na msidhani watoto hawayaelewi, hayo ndiyo Kiingereza wanachokijua vizuri zaidi. Kwa mtoto wa sekondari, akiwa na mtu mzima pembeni, mimi naiweka. Inafanya kazi kama saa, na kijana anayejifunza kwamba mpango mzuri unatengenezwa kwa mazoezi hajaibiwa kitu. Darasa la tatu, hapana, na si kwa ajili ya wale wacheza densi tu. Mtoto wa darasa la tatu bado anajenga kichwani kwamba aliyevaa vizuri na kuongea taratibu ndiye mwema. Mwacheni kwanza akutane na mambo yanayombomolea hilo.

La pili ni ile ya Wahispania wenye ovaroli nyekundu na vinyago vya sura ya mchoraji Dalí, La casa de papel. Ilianza kuonyeshwa kwao mwaka 2017 na Netflix ikaisambaza dunia nzima. Watoto wetu wanaipenda kwa sababu mmoja wa wezi anaitwa Nairobi. Kila mwizi kapewa jina la mji: Tokyo, Berlin, Rio, Nairobi. Mtoto anasikia jina la karibu na kwao, anahisi kaalikwa. Netflix yenyewe imeiweka daraja la watu wazima, na sababu zipo wazi, vitanda vipo, damu ipo. Lakini hebu niwaambie kinachonivutia. Yule Profesa wao anawaambia mwanzoni damu isimwagike, na sababu yake si huruma. Anajua wananchi wakiona damu watahama upande. Na anajitetea kwamba hawamwibii mtu yeyote, wanaingia kiwanda cha kuchapia noti na kuchapa zao. Kijana wa kidato cha tatu akiniambia, "Bibi, kwani wamemwibia nani?" hapo tumepata mazungumzo ya usiku mzima, ya noti na thamani yake na bei ya unga, na ya wale wanafunzi waliokwenda kutembelea kiwanda siku hiyo wakajikuta mateka. Mdogo wake wa darasa la nne hana anachoweza kufanya na swali hilo. Atabaki na kinyago. Na vinyago mitaani mmeviona.

La tatu linaitwa The Wrong Trousers, la Uingereza, mwaka 1993. Ni vidoli vya udongo, dakika 30 tu. Kuna bwana mmoja mgunduzi na mbwa wake. Hela zimewaishia, wanapangisha chumba, na mpangaji anayekuja ni pengwini. Haongei hata neno. Anamhamisha mbwa chumbani kwake taratibu, kidogo kidogo, kama wapangaji wengine mnaowajua, mpaka mbwa anafungasha mzigo na kuondoka kwenye mvua. Kumbe pengwini ni mwizi. Akitaka kujificha anavaa glavu nyekundu ya mpira kichwani, anakuwa kuku, na dunia nzima inaamini ni kuku. Anamwingiza yule bwana akiwa usingizini kwenye suruali ya chuma inayotembea juu ya dari, ili amwibie almasi kwenye makumbusho bila mwenyewe kujua.

Angalieni macho ya picha hiyo yako wapi. Yako kwa mbwa. Mwizi ana akili, mpango wake ni mtamu kuliko wa Las Vegas, lakini kila hatua tunaiona kupitia kwa yule aliyefukuzwa kitandani kwake. Mtoto anashangaa ufundi na anamchukia fundi kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemhubiria. Hiyo weka saa yoyote, kwa umri wowote, na bibi naye akae.

Jambo moja dogo la hapa kwetu, kabla sijanyang'anywa kipaza sauti. Alama ya umri inapewa muvi, haipewi mfasiri. Tangu enzi za Lufufu, yule mfasiri wa muvi kwenye mabanda ya Dar es Salaam, muvi ya kutafsiriwa ni muvi mbili: ile ya kwenye picha na ile ya mdomoni kwa DJ. Uganda nako kuna ma-VJ wao, hali ni hiyo hiyo. Nimewahi kupokea katuni safi kabisa, DJ kaitia matusi ya stendi na utani juu ya wake za watu. Nimepokea pia picha ya wizi ambayo DJ, kila mlinzi akigongwa, alikuwa anasema kwa uchungu, "Masikini, na mshahara hajalipwa miezi mitatu!" Ile nilipenda. Kwa hiyo ukiletewa flashi, sikiliza dakika tano ukiwa na masikio, usitazame jaketi lake tu.

Nimalizie kwa yule mtoto, maana mwalimu wa zamu ananionyesha saa.

Wiki mbili baada ya ile Jumamosi nilimwita yeye na baba yake, siku ambayo baba hana zamu. Alikuja amevaa shati la kupiga pasi, akakaa kwenye ukingo wa kochi kama mtu aliyeitwa polisi. Nikawawekea ya pengwini. Mwanzoni hakucheka, alikuwa anaangalia. Ikafika kwenye makumbusho: almasi iko katikati ya chumba, miale myekundu imeizunguka, na suruali ya chuma inatembea juu ya dari. Mzee akasogea mbele.

"Ngoja," akasema. "Chumba chote hicho hamna mlinzi?"

Nikamwambia wameweka miale, ukiigusa kengele inalia.

"Miale!" Akamgeukia mwanawe. "Unaona? Almasi kama hiyo, wanabana matumizi, wanaweka taa. Ndiyo maana wanaibiwa na kuku."

Mtoto akamwambia, "Si kuku, baba, ni pengwini. Kavaa glavu."

"Mimi angenikuta getini," baba akasema, "glavu hiyo ningemvua nikaandika kwenye daftari."